Daktari, Mwalimu au Mzazi: Nani Ampime Mtoto?

Katika miaka yangu ya kupima watoto Kilifi na Kwale, hakuna swali nililoulizwa na wazazi mara nyingi kuliko hili: "Mwalimu, kwani wewe ni daktari?" Nikijibu kwamba mimi ni mwalimu kama walimu wengine, ila nimesomea elimu maalum, wapo walioshusha pumzi, na wapo walioanza kufunga leso zao vizuri waondoke. Siwalaumu. Kazi ya kuamua mtoto gani anahitaji msaada wa pekee shuleni imepita mikononi mwa wengi katika nchi hii: wamisionari, madaktari, walimu wakuu, na mwishowe sisi walimu wapimaji. Kila ilipohama mikono, kuna watoto waliofunguliwa mlango na kuna waliofungiwa. Siku hizi mtaala mpya umelirudisha swali hilo mezani, na wanaolijibu wengi wanazungumza kana kwamba limezuka jana.

Tuanze na shule za kwanza. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika. Mwaka 1961 Wakatoliki wakafungua shule za viziwi Mumias na Nyang'oma, na mwaka uliofuata Jeshi la Wokovu likaanzisha Joytown, papo hapo Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, wengi wao wakiwa wameachwa hivyo na polio. Huku kwetu Pwani watu wanazijua Shule ya Wasioona Likoni, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo na Kibarani ya viziwi. Nafasi zilikuwa chache, maombi mengi, na mwenye shule ndiye aliyechagua. Hakukuwa na mpimaji, wala wengi hawakuona haja ya kuwa naye. Asiyeona alijulikana kwa macho yake, na mwenye polio kwa mguu wake. Padri au mkuu wa shule alimtazama mtoto, akasoma barua ya hospitali kama ipo, akasema ndiyo au hapana.

Kwa ulemavu wa akili, ukoloni uligawa hata huruma kwa rangi. Nairobi palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu, na Waasia walikuwa na yao. Baada ya uhuru zikaunganishwa, ndiyo Jacaranda ya leo. Mtoto wa Kiafrika aliyechelewa kusema au kuelewa alibaki nyumbani, au alipelekwa shule ya kawaida akakariri darasa la kwanza hadi akachoka. Mtoto mwenye usikivu hafifu aliitwa mkaidi. Aliyeshindwa kuunganisha herufi aliitwa mvivu. Fimbo ndiyo iliyokuwa kipimo chao.

Mtindo wa kumwachia daktari neno la mwisho tuliurithi Uingereza, na ni vizuri kujua wenyewe waliufikiaje. Shule zilipofanywa za lazima kule mwaka 1880, madarasa yalijaa watoto ambao zamani wangekuwa mashambani au viwandani, na walimu wakaona wapo wasioweza kwenda na wenzao. Sheria ya 1899 iliziruhusu mamlaka za elimu kuwafungulia madarasa ya pekee watoto walioitwa wenye kasoro ya akili, na cheti cha kumwingiza mtoto humo kilitiwa saini na daktari. Mwalimu aliyekaa na mtoto mwaka mzima alisikilizwa, lakini aliyeamua ni mtu aliyemwona mtoto kwa dakika chache.

Paris walishika njia nyingine. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto wanaohitaji mafunzo ya pekee, na mwaka uliofuata Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa mfululizo wa maswali na kazi ndogondogo zilizopangwa kutoka rahisi hadi ngumu. Binet alitaka kumjua mtoto aliye nyuma ili asaidiwe, na alipinga vikali wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kimoja kisichoongezeka. Waliokichukua kipimo chake wakakipeleka Uingereza na Marekani hawakuibeba tahadhari hiyo. Mwaka 1913 baraza la jiji la London likamwajiri Cyril Burt kuwa mwanasaikolojia wake wa shule, na tangu hapo mwanasaikolojia na daktari wakawa wanagombea meza moja.

Yaliyotokea baadaye ndiyo yanayonifanya niitilie shaka saini ya mtu mmoja. Sheria ya elimu ya Uingereza ya 1944 bado ilimweka daktari katikati. Mtoto aliyehukumiwa kuwa hafundishiki aliondolewa kabisa mikononi mwa idara ya elimu, akakabidhiwa idara ya afya. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya 1970, iliyoanza kutumika Aprili 1971, iliposema kila mtoto ni wa shule. Mwaka huohuo wa 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alichapisha kijitabu London kikionyesha jinsi watoto wa Kikaribi walivyojazwa katika shule za walioitwa wenye akili pungufu. Walipimwa kwa Kiingereza cha nyumba za Kizungu, kwa maneno na mambo ya maisha wasiyoyaishi, na watu wasiowategemea kufanya vizuri. Wengi wao walikuwa watoto wazima kabisa waliohama visiwa kuwafuata wazazi na kuingia shule ngeni. Kipimo kilipima ugeni wao kikauita upungufu wa akili.

Waraka wa serikali wa 1975 ukaanza kumpa mwalimu na mwanasaikolojia uzito zaidi kuliko daktari. Mwaka 1978 kamati ya Mary Warnock ikasema karibu mtoto mmoja kati ya watano atahitaji msaada wa pekee wakati fulani wa masomo yake, na sheria ya 1981 ikampa mzazi nafasi rasmi katika upimaji. Hapo likazuka tatizo jingine lililo hai hadi leo: halmashauri inayompima mtoto ndiyo inayolipia mahitaji yake. Mpimaji akiandika kwamba mtoto anahitaji mwalimu wa matamshi mara mbili kwa wiki, mwajiri wake ndiye wa kulipa. Wazazi wanakwenda kwenye baraza la rufani, na kesi zinazofika kwenye hukumu wao ndio wanaoshinda kwa wingi. Mwaka 2006 kamati ya bunge ilishauri upimaji utenganishwe na mfuko, lakini haukutenganishwa.

Turudi nyumbani. Baada ya uhuru Tume ya Ominde ya 1964 iligusia watoto wenye ulemavu, na Kamati ya Gachathi ya 1976 ikasisitiza kwamba watoto hawa watambuliwe mapema. Serikali iliufanya mwaka 1980 kuwa mwaka wa taifa wa watu wenye ulemavu, na machifu wakaanza kuambiwa kwenye mabaraza kwamba kumficha mtoto ndani ni kosa. Watoto wakaanza kutolewa. Lakini wakishatolewa, wapelekwe wapi? Nani atasema huyu ni wa Kibarani, huyu ni wa shule ya jirani akipewa miwani, huyu ni wa hospitali kwanza?

Jibu lilikuja mwaka 1984, Kenya ilipoanzisha vituo vya tathmini na nyenzo za elimu kwa msaada wa Denmark kupitia shirika lake la DANIDA. Watu wetu wanavijua kwa jina la Kiingereza, au wanasema tu "pale pa asesimenti". Fikra yake ilikuwa mpya hapa kwetu: mtoto apimwe karibu na kwao, bila malipo makubwa, na apimwe na mwalimu. Vingi vilianzishwa katika chumba kimoja ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Walimu waliochaguliwa walipewa mafunzo, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ambayo leo iko Kasarani, kazi yake ikiwa kuwafundisha walimu wa aina hiyo. Kwenye karatasi mpimaji hakuwa peke yake: alitakiwa kufanya kazi na muuguzi, tabibu wa viungo, ofisa wa ustawi wa jamii na daktari. Kwa kweli, siku nyingi tulikuwa walimu wawili, mzazi na mtoto.

Hebu niwaonyeshe kazi yenyewe. Mtoto akiletwa, hatuanzi naye. Tunaanza na aliyemleta. Mimba ilikuwaje? Alizaliwa wapi? Alilia alipozaliwa? Alikaa lini, alitembea lini, alipata degedege? Akina mama wa kwetu hawakumbuki miezi kwa tarakimu, wanakumbuka kwa matukio: alianza kutambaa mwaka wa mvua za El Niño, au siku ya arusi ya mdogo wake baba. Mpimaji mwenye haraka anaandika "hajui". Mwenye subira anahesabu kutoka kwenye arusi hiyo, anapata mwezi.

Kisha masikio. Mashine ya kupima usikivu ni kisanduku chenye vifundo na visikizi viwili. Mtoto unamkalisha akikupa mgongo nusu, asione mkono wako. Mbele yake kuna kopo na vizibo vya soda: akisikia mlio, hata mdogo vipi, atie kizibo kimoja ndani ya kopo. Chumba kinatakiwa kiwe kimya. Chumba chetu kilipakana na kinu cha posho, basi tulijua saa za kinu kuliko za kengele ya shule. Kinu kikisimama, tunapima, na kikinguruma tunarudi kwenye maswali. Mama naye unamketisha nyuma, kwa sababu akiona umebonyeza na mtoto hakutia kizibo, uso wake utamfichulia.

Asubuhi moja aliletwa mvulana wa darasa la pili pamoja na barua ya shule. Barua ilikuwa na mstari mmoja: mtoto hafundishiki, apelekwe shule maalum. Aliyemleta ni hawe yake, bibi mzaa baba. Nilimwuliza kama mtoto husikia. "Mwalimu," akasema, "mbuzi wakilia anawasikia. Mimi nikimwita kwa upole hanisikii, nikimpigia kelele ananiuliza mbona namgombeza." Sentensi hiyo ilikuwa nusu ya kipimo. Mashine ikakamilisha nusu ya pili: milio mikubwa aliipata, midogo hakuipata, na sikio la kushoto lilikuwa baya zaidi. Nilipochungulia ndani kwa kurunzi niliona usaha, ule unaotoka kwa miezi mpaka watu wa nyumbani wanauzoea. Nikamwandikia barua ya zahanati, na nyingine ya shule kwamba akae mbele, sikio la kulia likielekea kwa mwalimu. Hakwenda shule ya viziwi. Alibaki na wenzake darasani.

Mtoto huyo anaonyesha kwa nini hakuna mmoja anayetosha. Daktari peke yake angetibu usaha akamwacha akae nyuma ya darasa. Mwalimu wake peke yake alikwisha mhukumu. Mimi bila zahanati nisingeweza kitu. Na sote bila hawe tungechelewa kujua.

Kupima akili ndiko kulikokuwa na mitego mingi zaidi. Kadi za picha tulizopewa mwanzoni zilikuwa na vitu vya ng'ambo. Msichana mmoja wa Ganze alionyeshwa picha ya birika la umeme, akanyamaza. Akaonyeshwa mtu aliyevaa koti la baridi, akacheka. Kwa kadi hizo alikuwa na akili ya mtoto wa miaka minne. Wakati wa mapumziko nilimwona kwenye lango la shule akiuza mabuyu ya mama yake, akipokea noti na kurudisha chenji bila kukosea, akimkatalia mvulana aliyedai ametoa zaidi. Nikaziweka kadi kando, nikampima tena kwa Kigiriama, kwa mabuyu, vifuu na sarafu. Shida yake ilikuwa ya kusoma herufi, na kwa shida hiyo msaada ulikuwapo. Yaliyowapata watoto wa Kikaribi London yalikuwa mlangoni pangu, tofauti ni kwamba hapa mtoto na mpimaji walikuwa watu wa kaunti moja.

Vituo vilipata misukosuko. Fedha za wafadhili zilipopungua, pikipiki za kwenda vijijini zilisimama kwa kukosa vipuri, na mashine za masikio zikakaa miaka bila kurekebishwa vipimo. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni, na kati yao wakawamo wengi waliokuwa wamefichwa. Mwaka huohuo jopo lililoongozwa na Dkt. Kochung lilikagua elimu maalum, likasema wazi kwamba vituo vinahitaji kuimarishwa. Sera ikatoka 2009, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikazikabidhi bodi za elimu za kaunti wajibu wa kuwa na vituo hivyo. Kisheria tulikuwa tumefika mbali, ila chumba kilikuwa kilekile, na kinu cha posho kilikuwa palepale.

Kuna shinikizo ambalo sera haikulitaja. Tangu 1985 hadi 2023 mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ndio uliopima sifa ya shule, na wastani wa alama ulibandikwa hadharani. Miaka ile, muhula wa kwanza ulipoanza, baadhi ya walimu wakuu waliniletea watoto wa darasa la saba ambao hawakuwahi kuletwa kwa miaka sita. Mmoja, wa shule nisiyoitaja, aliniambia bila kuona haya: "Mwalimu, niandikie tu kwamba huyu ni wa yuniti, aniondokee kwenye hesabu." Yuniti ni darasa maalum ndani ya shule ya kawaida. Kulikuwa na shinikizo la upande wa pili pia. Serikali hutoa fedha za ziada kwa wanafunzi wenye mahitaji maalum, na yuniti isiyo na watoto wa kutosha inaweza kukosa mwalimu. Basi wapo waliotaka majina yaongezwe. Mtoto yuleyule angeweza kuwa na ulemavu Januari kwa ajili ya wastani, na mwingine asiye nao akapewa kwa ajili ya yuniti. Ndipo nilipoelewa kwa nini Waingereza wanagombana kuhusu kumtenganisha mpimaji na mwenye mfuko. Kwao aliyepima alikuwa na sababu ya kupunguza mahitaji, na kwetu shule ilikuwa na sababu ya kuyazidisha. Wote wawili walikuwa wanapima kitu kingine, si mtoto.

Daktari naye hajatoka. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilileta Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na ili mtu apate kadi ya usajili sharti apimwe na madaktari hospitalini. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anakwenda hospitali kwa ajili ya kadi, na kituoni kwa ajili ya shule, kwa nauli ileile ya kukopa. Fomu ya hospitali inasema ana ulemavu gani. Haisemi Jumatatu asubuhi mwalimu afanye nini naye. Wapo walimu wakuu wanaoikubali fomu hiyo kana kwamba ndiyo tathmini ya masomo, kwa sababu ina muhuri wa daktari na muhuri huo unaheshimika.

Sasa mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, umeongeza uzito wa jambo hili. Wanafunzi wenye ulemavu wanaweza kufuata njia mbili: wapo wanaokwenda na umri wao kama wenzao, na wapo wanaofuata hatua, wakipanda kadiri wanavyomudu bila kufungwa na darasa. Ni mpango mzuri. Lakini karatasi ya tathmini sasa inaamua mtoto asome nini kwa miaka kumi ijayo. KISE nao wamejenga kituo kikubwa cha upimaji Kasarani chenye vifaa ambavyo sisi tulivisoma vitabuni tu. Navifurahia. Ila mtoto mwenye usonji akisafirishwa kwa basi la usiku kutoka Malindi, akaingizwa saa tatu asubuhi kwenye chumba cheupe chenye watu asiowajua, utakachokiona ni uchovu na hofu yake. Vifaa vije kaunti, mtoto asifuate vifaa.

Msimamo wangu, baada ya yote hayo, ni huu. Upimaji wa mahitaji ya elimu uongozwe na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kwa sababu swali lenyewe ni la kufundisha. Daktari aseme neno lake kuhusu macho, masikio, mishipa na kifafa, na neno lake lisipite hapo. Mzazi, au hawe aliyelea, awe mjumbe kamili na ushahidi wake uandikwe, si kutajwa tu. Mtoto apimwe kwa lugha anayoiotea ndoto. Shule inayonufaika kwa kumpata au kumpoteza isiwe na kura. Iandike inachokiona, iishie hapo. Na hakuna karatasi inayostahili kudumu maisha: Binet alilijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Nawe mzazi unayesoma haya, usiulize tena kama anayempima mwanao ni daktari. Uliza amempima kwa lugha gani, nani wengine walikuwapo, shule itabadilisha nini kuanzia wiki ijayo, na mtoto atapimwa tena lini. Usitoke hapo bila nakala ya ripoti mkononi, na lililoandikwa humo ambalo unajua si kweli kuhusu mwanao, lipinge papo hapo kabla muhuri haujapigwa.